Kabla hujamlaumu mkaangaji: mwongozo kamili wa kuonja na kutathmini kahawa za wakaangaji wadogo

Kila kikombe cha kahawa kimepitia mikono mitatu: ya mkulima na waliosindika mavuno yake, ya mkaangaji, na yako wewe uliyesaga na kumimina maji. Tathmini nyingi huharibika hapo. Mwandishi anaonja kazi ya mikono yote mitatu kwa pamoja, halafu lawama zote, au sifa zote, anamtwisha mmoja. Kampuni kubwa haitikisiki kwa maneno ya mtu mmoja. Mkaangaji mdogo, anayekaanga kilo chache kwa mkupuo na kufunga mifuko mwenyewe, anatikisika. Kwa hiyo kazi kubwa katika mwongozo huu ni kujifunza kutenganisha mikono hiyo. Maneno matamu ya kueleza ladha yatakuja baadaye, na kusema kweli ndiyo sehemu rahisi.

Mfuko

Nunua mfuko wa kawaida kama mteja mwingine yeyote, wa kahawa ambayo haijasagwa. Gramu 250 zinatosha kuonja, kupika kwa njia yako ya kila siku, na kubaki na akiba ya kurudia siku nyingine. Hiyo akiba usiinywe ovyo. Kuna wakati utaandika jambo zito halafu utake kulihakiki, na mfuko utakuwa mtupu.

Tafuta tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi peke yake haikusaidii, kwa sababu kila mkaangaji anaipanga anavyotaka. Kahawa ikitoka kwenye mashine huwa imejaa kaboni dioksidi, na huendelea kuitoa kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kile kitundu chenye vali kwenye mfuko kimewekwa kwa ajili hiyo. Gesi ikiwa bado nyingi, maji hayapenyi vizuri kwenye unga na ladha hutoka imekunjamana. Kahawa iliyokaangwa kidogo, yenye rangi ya hudhurungi hafifu, inahitaji kutulia muda mrefu kuliko ile iliyokaangwa hadi ikakaribia weusi. Kwa kahawa ya kuchuja mimi husubiri wiki moja hadi mbili tangu ikaangwe, na kwa espreso huongeza siku kadhaa. Wanunuzi wa buni, yaani kahawa ambayo haijakaangwa, huonja mapema zaidi, ndani ya saa 24 baada ya kukaanga, lakini wao wanakagua buni kabla ya kulipa. Wewe unamwandikia mtu atakayeinywa nyumbani kwake.

Kati ya maelezo yaliyochapishwa kwenye mfuko, namna ya usindikaji ndiyo hubeba habari nyingi kuliko yote. Kahawa iliyooshwa imetolewa ganda na ulimbo wake, ule utando unaonata juu ya punje, kabla ya kuanikwa, kwa hiyo tegemea kikombe safi na uchachu unaojitokeza waziwazi. Iliyokaushwa na tunda lake zima huelekea kwenye matunda yaliyoiva sana, mvinyo, na uzito mdomoni. Ile inayoitwa ya asali haina asali yoyote. Ni ulimbo ulioachwa juu ya punje wakati wa kuanika, na ladha yake hukaa katikati ya hizo mbili. Siku hizi zipo pia zilizochachushwa ndani ya mapipa yasiyoingiza hewa, ambazo zinaweza kunukia viungo, peremende, hata pombe. Ukiipata hiyo bila kujua, unaweza kudhani imeoza. Ukijua, unahukumu kama uchachushaji ulidhibitiwa au ulimponyoka mtu.

Aina ya mmea nayo ina maana, ila kwa kiasi. SL28, iliyochaguliwa na maabara ya utafiti wa kilimo ya Scott Laboratories nchini Kenya katika miaka ya 1930, inajulikana kwa uchachu wenye nguvu na utamu wa juisi. Gesha ilipata umaarufu mwaka 2004, shamba la Hacienda La Esmeralda la Panama lilipoipeleka kwenye mashindano, na watu huitafuta kwa harufu yake ya maua. Lakini mmea mzuri uliosindikwa vibaya hutoa kahawa mbaya yenye jina zuri. Herufi AA, ambazo wengi huziona kama nishani ya ladha, zinataja ukubwa wa punje. Na mita za mwinuko zisikutishe wala kukuvutia kupita kiasi: kahawa hukomaa polepole penye ubaridi, na ubaridi huo hupatikana chini zaidi kadiri unavyosogea mbali na ikweta. Mashamba mawili yenye mwinuko tofauti sana yanaweza kuwa na hali ya hewa inayofanana.

Sehemu moja ya mfuko usiisome kabisa kwa sasa, ile inayotaja ladha. Ukishaona pameandikwa "pichi na ua la asumini", ulimi wako utaipata pichi hata kama haipo. Bandika karatasi juu yake, au mwombe mtu akuhamishie punje kwenye chupa yenye namba tu.

Maji, mizani, mashine ya kusagia

Kahawa iliyochujwa ni maji kwa zaidi ya asilimia 98, kwa hiyo maji mabaya yanaweza kuiua kahawa bora bila mkaangaji kuhusika hata kidogo. Maji yenye chokaa na magadi mengi humeza uchachu, na kikombe kinakuwa bapa, kama kimefunikwa. Maji yasiyo na madini karibu kabisa huacha uchachu ukichoma bila utamu wa kuupoza. Shirika la kimataifa la kahawa maalumu, yaani kahawa za ubora wa juu, SCA, limekuwa likitumia kipimo cha miligramu 150 za madini kwa lita kama lengo, huku 75 hadi 250 zikivumilika, bila klorini. Huhitaji maabara kwa hilo. Chukua maji ya chupa ambayo lebo yake inaonyesha jumla ya madini iliyo karibu na hapo, na uyatumie hayohayo kwa kila tathmini. Uthabiti hapa una thamani kuliko ukamilifu.

Mizani iwe ya kusoma angalau sehemu ya kumi ya gramu. Mashine ya kusagia iwe ya meno yanayosaga, hata ya kuzungusha kwa mkono. Zile zenye kisu kinachozunguka hukatakata ovyo: unga laini na vipande vikubwa pamoja. Unga huo laini hutoa uchungu na vipande vikubwa hutoa uchachu mbichi ndani ya kikombe kimoja, na hutajua kasoro ni ya kahawa au ya mashine. Kama hiyo ndiyo pekee unayo, kunywa kwa raha zako, ila usichapishe tathmini.

Kuonja kwa vikombe

Namna hii wanaitumia wanunuzi wa kahawa dunia nzima, na faida yake kubwa kwetu ni kwamba inauondoa mkono wako kwenye hesabu. Hakuna chujio, hakuna ufundi wa kumimina. Kuna unga, maji moto na muda.

Kipimo cha SCA ni gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji, yaani gramu 11 kwa bakuli au glasi ya mililita 200. Andaa vikombe vitatu vya kahawa ileile, na kila kipimo ukipime na kukisaga peke yake. Wataalamu hutumia vitano. Sababu ya kutosaga vyote kwa pamoja ni kwamba punje moja yenye kasoro inaweza kuharibu kikombe kimoja na kuacha vingine salama. Ukichanganya unga, unaisambaza kasoro kote na hutajua ilikuwa punje moja au mfuko mzima. Kabla ya kusaga kipimo cha kwanza, saga punje chache na uzitupe ili kusafisha mashine.

Usagaji uwe wa kati, mkubwa kidogo kuliko wa chujio la karatasi. Nusa unga mkavu mara tu baada ya kusaga, pua karibu kabisa na kikombe, na uandike neno la kwanza linalokujia hata kama ni la ajabu. Chemsha maji, yaache yashuke hadi kama nyuzi 93, kisha mimina hadi ukingoni ukihakikisha unga wote umelowa. Anza kuhesabu. Usikiguse kikombe.

Juu kutajikusanya ukoko mzito wa unga na povu. Zikitimia dakika 4, weka pua juu ya kikombe, nyuma kidogo ya kijiko, na usukume ukoko kwa mgongo wa kijiko mara tatu. Mvuke unaopanda wakati ukoko unavunjika ndio wenye harufu kamili kuliko wakati wowote mwingine, na hauchukui hata sekunde kumi kupotea. Suuza kijiko kwa maji moto kabla ya kwenda kikombe cha pili. Ukimaliza, tumia vijiko viwili kuondoa povu na mabaki yanayoelea.

Sasa subiri. Wanaoanza huharakisha hapa. Kahawa iliyo moto sana inautia ganzi ulimi na huwezi kuonja chochote isipokuwa joto. Kahawa ikifika kama nyuzi 71, karibu dakika 8 hadi 10 tangu umimine, chota kijiko na ukivute kwa kishindo ili kahawa itawanyike mdomoni pamoja na hewa. Ndiyo, ni sauti ya kukosa adabu mezani. Lakini sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo kwenda puani, na hewa ndiyo inayoisafirisha. Ziba pua halafu vuta kijiko, kisha iachie pua: ghafla kahawa inarudi. Fanya hivyo mara moja na hutakuwa na ubishi tena juu ya kishindo.

Tema, hasa ukionja kahawa kadhaa. Kafeini ikishakupanda, kila kitu kinakuwa kitamu au kila kitu kinakuudhi.

Rudi kwenye vikombe vilevile vikiwa vuguvugu, kisha vikiwa vimepoa kabisa kufikia joto la mwili au chini yake. Usiruke duru hii ya mwisho. Joto huficha kasoro. Kahawa iliyokaangwa kwa pupa inaweza kuwa na mvuto ikiwa moto, halafu ikipoa ikageuka majani mabichi. Kinyume chake pia hutokea. Kahawa nzuri iliyooshwa, ambayo ilionekana nyepesi mwanzoni, hufunguka utamu wake ikiwa karibu baridi. Kahawa inayozidi kuwa nzuri inavyopoa ni ishara ninayoiamini kuliko harufu ya kwanza ya kupendeza.

Unachokitafuta mdomoni

Jiulize mambo machache kwa mpangilio, jambo moja kwa kila kijiko, maana ukijaribu kukamata yote kwa pamoja utapata ukungu.

Utamu kwanza. Kahawa isiyo na sukari inaweza kuacha hisia ya utamu, na ndiyo dalili bora kwamba matunda yalichumwa yakiwa yameiva na mkaangaji hakuyakosea. Kisha uchachu. Wengi wamezoea kuuona kama kosa, kwa hiyo eleza ni uchachu wa aina gani: wa limau unaokata, wa tofaa ulio laini, wa zabibu wenye juisi, au wa siki unaokufanya ukunje uso. Huu wa siki mara nyingi ni uchachushaji uliozidi. Wa limau usio na utamu wowote nyuma yake, shuku ukaangaji au maji yako kabla ya kuitaja asili ya kahawa.

Uzito mdomoni hauhusiani na ukali. Linganisha na tofauti ya maji na maziwa juu ya ulimi. Halafu kinachobaki baada ya kumeza au kutema: kinadumu, kinapotea, au kinageuka kuwa ukavu unaosugua fizi? Mwisho, usafi. Je, kila ladha inasimama peke yake, au kuna tope nyuma yake?

Kuhusu majina ya ladha, tumia vitu ulivyowahi kuvila. Gurudumu la ladha, mchoro wa duara wenye majina ya ladha uliotolewa mwaka 1995 na kuundwa upya mwaka 2016 kwa ushirikiano na shirika la utafiti la World Coffee Research, ni ramani nzuri: unaanza katikati kwenye neno pana kama "tunda", unasogea nje kwenye "jamii ya chungwa", halafu kwenye tunda lenyewe. Ukikwama kwenye neno pana, baki hapo. "Tunda bivu, sijui lipi" ni sentensi ya kweli na inamsaidia msomaji. Na kama kilichokujia ni ukwaju, andika ukwaju. Hakuna sababu ya kuandika beri ambayo hujawahi kuitia mdomoni kwa sababu tu waandishi wengine wanaitaja.

Kasoro na mwenye nayo

Mimina punje za kutosha kujaza kiganja kwenye sahani nyeupe kabla ya kuandika lawama yoyote. Kama kahawa ilikaangwa sawasawa, rangi zitakaribiana, lakini macho yatakamata punje moja moja zilizopauka, za rangi ya karanga, kati ya ndugu zake wa hudhurungi. Hizo zilitoka kwenye matunda mabichi. Hazikuwa na sukari ya kutosha, kwa hiyo hazikubadilika rangi kwenye mashine. Tafuna moja. Inavunjika kirahisi, inaonja kama karatasi na karanga iliyochacha. Kisha tafuna yenye rangi kamili. Katika kahawa iliyokaushwa na tunda lake, chache ni kawaida. Zikiwa nyingi, chanzo ni uchumaji wa matunda mabichi shambani, lakini mkaangaji naye alikuwa na nafasi ya kuziokota baada ya kukaanga na hakuzitumia. Hapa lawama inagawanywa, na tathmini inaweza kusema hivyo wazi.

Angalia tena punje hizo. Madoa meusi ya duara kwenye uso, au ncha zilizoungua huku sehemu nyingine ikiwa hafifu, ni moto mkali mno mwanzoni. Kikombe kitakuwa na majivu au moshi. Hilo ni la mkaangaji peke yake. Mafuta yanayong'aa kwenye kahawa nyeusi ni ya kawaida kwa ukaangaji wa kiwango hicho. Si kasoro, ila ujue kwamba kahawa hiyo huchacha haraka zaidi, na kwamba unachoonja sasa ni moto kuliko shamba.

Kukaanga kusikotimia kuna dalili zake: punje ngumu kusaga na nzito kuliko kawaida mkononi, harufu ya nyasi, majani makavu, au nafaka mbichi, na uchachu usio na utamu. Nje punje inaweza kuwa na rangi nzuri huku ndani ikiwa bado hafifu. Pasua moja utazame. Kinyume chake ni kahawa iliyooka polepole mno hadi ikapoteza uhai. Haina kosa la kuonyesha kwa kidole, ila haina kitu: mkate, unga wa shayiri, ukavu, na hakuna utamu hata ikipoa. Kosa hili ndilo gumu kulikamata kwenye kikombe kimoja kilicho peke yake. Ukiweka kahawa nyingine pembeni linajitokeza lenyewe, na ndiyo sababu ninapendekeza kila meza iwe na kahawa moja ya kulinganishia ambayo unaijua vizuri.

Ladha ya gunia, karatasi ya boksi au mbao kavu hutokana na buni iliyokaa ghalani muda mrefu au iliyohifadhiwa vibaya. Mkaangaji hawezi kuitibu kwa moto. Lakini ndiye aliyeinunua, akaionja, na akaamua kukuuzia, kwa hiyo sioni ubaya kumuuliza.

Kisha ipo kasoro ambayo haipaswi kumgusa mkaangaji hata kidogo. Mara chache, hasa kwa kahawa za Rwanda na Burundi, utasaga kipimo na harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa itajaza chumba. Inahusishwa na mdudu antestia anayetoboa tunda likiwa mtini, na haionekani kwa macho kwenye punje. Kikombe kimoja kinaharibika kabisa, cha pembeni yake kinaweza kuwa bora kuliko vyote ulivyoonja mwezi huo. Tupa kipimo hicho, saga punje chache kusafisha mashine, endelea. Ukimshushia mkaangaji alama kwa ajili hiyo, utakuwa umewafundisha wasomaji kuogopa baadhi ya kahawa nzuri kabisa duniani.

Na mkono wako je? Kipimo ni rahisi. Kahawa ikiwa nzuri kwenye vikombe vya kuonjea na mbaya kwenye chujio lako, tatizo liko kwenye upishi: rekebisha usagaji kwanza, halafu joto. Ikiwa mbaya kote kuwili, badilisha maji, uonje tena. Ikibaki mbaya, sasa unaweza kuanza kumtazama mkaangaji na shamba.

Bila kujua kipi ni kipi

Kabla ya kusema kahawa hii ni bora kuliko ile, thibitisha kwamba unaweza kuzitofautisha. Mwombe mtu apange vikombe vitatu, viwili vya kahawa moja na kimoja cha nyingine, alama zikiwa zimebandikwa chini. Kazi yako ni kukipata kilicho tofauti. Kwa kubahatisha tu una nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo kupatia mara moja hakuthibitishi lolote. Kupatia mara nne mfululizo kwa bahati ni nafasi moja kati ya 81, na hapo unaweza kujiamini. Ukishindwa, habari hiyo nayo ni ya thamani: pengine msomaji hana haja ya kulipia zaidi mfuko ule wenye picha nzuri.

Fumba macho pia kuhusu rangi, ukiweza. Onja kwenye vikombe vyeusi au kwenye mwanga hafifu. Rangi nyeusi inatufanya tuonje ukali ambao haupo.

Upike kama mnywaji

Vikombe vya kuonjea vinakuambia ukweli wa kahawa, lakini hakuna anayeamka asubuhi akavuta kwa kijiko. Siku nyingine, ukiwa huna njaa kali wala mafua, pika kwa njia yako ya kawaida. Kwa chujio, gramu 15 kwa mililita 250 ni mahali pazuri pa kuanzia, maji yakiwa kati ya nyuzi 91 na 96. Badilisha jambo moja tu kwa kila mara. Ikiwa kali na chungu, saga kubwa kidogo. Ikiwa nyembamba na chachu, saga laini kidogo. Ikikusumbua hadi ufike kikombe cha nne au cha tano ndipo itulie, liandike hilo, maana msomaji asiye na subira anahitaji kulijua. Kahawa inayosamehe makosa ya mpishi ni sifa halisi, ingawa hakuna fomu ya wataalamu inayoipima.

Kama mkaangaji anasema kahawa yake ni ya kunywewa na maziwa, ionje na maziwa. Kuihukumu ikiwa tupu pekee ni kuikwepa kazi aliyoilenga.

Kuandika

Tenganisha maelezo na mapenzi. Hata SCA, ambayo fomu yake ya pointi 100 ilitumika kwa miaka mingi huku 80 ikiwa mlango wa kuingilia kundi la kahawa maalumu, imekuja na mfumo mpya unaoweka maelezo ya kilichomo kwenye kikombe kando na hukumu ya ubora wake. Kwa mwandishi wa kawaida hilo ni somo la bure. Aya moja: kahawa hii ikoje. Aya nyingine: mimi nimeionaje, na kwa nini.

Mfano wa sentensi isiyofaa: "Kahawa tamu sana yenye ladha tata na ya kipekee, mkaangaji huyu anajua kazi yake." Hakuna hata neno moja hapo linalomsaidia mtu kuamua. Linganisha na hii ya kubuni: "Imeoshwa, imekaangwa hafifu, nimeionja siku ya 12 tangu ikaangwe. Ikiwa moto inanukia ganda la limau na chai nyeusi. Inavyopoa uchachu unalainika kuelekea tofaa na utamu wa sukari guru unatokea. Nyepesi mdomoni. Vikombe vitatu vilifanana. Kwenye chujio ilihitaji kusagwa laini kuliko kawaida yangu. Anayependa kahawa nzito na chungu ataiona kama maji ya limau. Anayekunywa chai bila maziwa ataipenda." Msomaji anayechukia kahawa hiyo sasa anajua asiinunue, na hajaambiwa kuwa ni mbaya.

Taja kila mara tarehe ya kukaangwa, siku uliyoionja, njia ya kupika na kipimo, na kama mfuko ulinunua au ulipewa. Kupewa si dhambi. Kuficha ndiyo shida. Usilinganishe tu ladha zako na zilizochapishwa kwenye mfuko kana kwamba ni mtihani wa kusahihisha. Sasa ndipo bandua ile karatasi, soma, na uone. Mkiwa mbali kwenye jina la tunda, acha. Mkiwa mbali kwenye aina nzima, yeye anasema maua na wewe unaonja majivu, basi kuna la kuandika.

Kuhusu alama, msimamo wangu ni kwamba usizitoe hadi umeonja pamoja na watu wengine wenye uzoefu na kuona mnakaribiana. Alama 87 kutoka kwa mtu anayeonja peke yake jikoni inaonekana kama kipimo lakini ni hisia iliyovaa namba. "Ningenunua tena", "ningenunua ikishuka bei" na "sitarudia" zinatosha, na zinamlazimisha mwandishi kusimama mahali.

Ukikutana na kasoro nzito ambayo una hakika ni ya ukaangaji, tafuta mfuko wa pili wenye tarehe nyingine ya kukaangwa kabla ya kuchapisha. Mashine ndogo hubadilika kwa urahisi: mkupuo wa kwanza wa asubuhi, mashine ikiwa haijapata joto sawasawa, hautokei kama wa tano. Mwandikie mkaangaji pia, kwa adabu na kwa undani uleule ulioandaa kwa msomaji: mfuko wa tarehe fulani, vikombe vitatu, harufu ya nyasi, ndani ya punje hafifu. Jibu lake litakupa mengi. Yupo atakayekagua kumbukumbu za mkupuo huo na kukuambia kilichotokea, na yupo atakayekuambia hujui kuonja. Chapisha ulichokionja kwa vyovyote vile, ukitaja kama mifuko yote miwili ilifanana. Ukibadilisha maoni miezi kadhaa baadaye kwa sababu kahawa imeboreka au imeshuka, ongeza tarehe na maelezo mapya chini ya yale ya zamani, bila kuyafuta.